Kosa na Uficho: Historia ya Upekuzi na Swali la Uaminifu katika Utumishi wa Umma Tanzania, kwa Kuangalia Mkoa wa Kagera

1.0 Utangulizi

Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania, kupitia kwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, George Mkuchika, iliagiza warejeshwe kazini watumishi wenye elimu ya darasa la saba walioondolewa katika uhakiki wa vyeti. Sharti lilikuwa kwamba wawe waliajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, yaani kabla sifa ya chini ya kuingia katika utumishi wa umma haijapandishwa kuwa kidato cha nne. Hata hivyo, agizo hilo liliacha kundi moja nje. Mtumishi aliyeajiriwa kihalali kwa elimu ya darasa la saba, kisha baadaye akajaza katika kumbukumbu zake kwamba amehitimu kidato cha nne, hakuhesabiwa miongoni mwa wanaorudi.

Tuwafikirie madereva wawili wa halmashauri moja, walioajiriwa mwaka mmoja, wenye elimu sawa na leseni ya daraja sawa. Mmoja aliacha nafasi ya kidato cha nne wazi katika fomu yake. Mwingine aliijaza, huenda kwa kuhofia kwamba nafasi tupu ingemponza. Wa kwanza alirudi kwenye usukani. Wa pili alikwenda nyumbani. Upungufu wa elimu ulikuwa mmoja kwa wote wawili, na Serikali ilikuwa tayari kuusamehe. Kilichokosa msamaha ni maneno yaliyoandikwa juu ya upungufu huo.

Makala haya yanaichukua tofauti hiyo kama mlango wa kuingilia katika historia ya jambo pana zaidi: namna dola inavyoamua nani anaaminika kukabidhiwa cheo, silaha au siri, na uzito unaopewa uficho wa mambo ya zamani ukilinganishwa na mambo yenyewe. Neno upekuzi linatumika hapa kwa maana iliyozoeleka maofisini, yaani uchunguzi wa mwenendo, historia na mahusiano ya mtu kabla ya uteuzi au kabla ya kuruhusiwa kushika nyaraka za siri. Kwa kuwa majalada ya upekuzi yenyewe hayafunguliwi kwa mtafiti, hoja zimejengwa juu ya sheria, matamko ya Serikali, hukumu za mahakama na matukio yanayojulikana hadharani.

Inadaiwa hapa kwamba swali la upekuzi katika nchi yetu limebadilika mara kadhaa. Chini ya ukoloni lilikuwa swali la rangi. Baada ya maasi ya 1964 likawa swali la chama. Katika miongo ya karibuni limekuwa, angalau kwa maandishi, swali la ukweli wa mtu kuhusu nafsi yake. Lakini kila swali jipya lilipokuja, la zamani halikuondoka kabisa. Kagera, mkoa unaopakana na Uganda, Rwanda na Burundi, unalionyesha hilo kwa uwazi usiopatikana katika mikoa ya ndani, na kata ya Kashai katika Manispaa ya Bukoba, yenye wakazi waliotoka Muleba, Karagwe, Missenyi na ng'ambo ya mipaka, ni mahali pazuri pa kusimama na kutazama.

2.0 Rangi kama kibali

Mwezi Mei 1961, miezi saba kabla ya uhuru wa Tanganyika, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa mwongozo kwamba serikali mpya zisirithi nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha Serikali ya Malkia, au kuwafichua watoa habari wake. Katika utekelezaji wake Afrika Mashariki, hasa Uganda na Kenya, majalada yaligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliandaliwa kwa ajili ya warithi. La pili, lililopewa jina la "Watch", liliruhusiwa kushikwa na maofisa waliokuwa raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya peke yao. Karani Mwafrika mwenye utumishi wa miaka ishirini bila doa hakuwa na namna ya kulifikia, na hakuna fomu ambayo angeweza kuijaza kwa uaminifu ikamsaidia. Huo ulikuwa upekuzi usiouliza mtu amefanya nini wala amesema nini.

Mwaka 2011, katika shauri lililofunguliwa London na wazee wa Kenya waliowahi kuteswa kizuizini, Serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imehifadhi kwa siri, huko Hanslope Park, majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Ya Tanganyika yalikuwamo. Tunalitaja hili kwa sababu mamlaka iliyoficha majalada hayo ndiyo iliyojenga, jirani yetu Kenya, mfumo mkali kuliko wote katika ukanda huu wa kumlazimisha mtu aeleze kosa lake la zamani.

Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, watu wa Kikuyu, Embu na Meru walipitishwa katika mchujo. Swali lilikuwa moja: je, umekula kiapo? Waliozuiliwa waliwekwa katika madaraja ya "weupe", "kijivu" na "weusi", na kusogea kutoka daraja moja hadi jingine kulitegemea kukiri. Kwa upande wa pili kulikuwa na cheti cha uaminifu, alichopewa yule aliyehesabiwa kuwa upande wa Serikali. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kupiga kura bila kupita kipimo hicho cha uaminifu. J. M. Kariuki, aliyezuiliwa kuanzia 1953 hadi 1960, alikaa miaka mingi katika kambi hizo kwa sababu hakukubali kukiri kwa masharti aliyowekewa. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo.

Kinachotuhusu ni mantiki ya mfumo huo. Ukweli wa mtu ulithaminiwa pale tu ulipolingana na kile mchunguzi alichokwisha kuamini. Aliyekuwa hajala kiapo na akasema hajala, alionekana mwongo. Aliyekiri kiapo ambacho hakukila, alisogezwa mbele. Kwa namna hiyo, mchujo uliotungwa ili kufichua uongo uliuzalisha. Somo hilo litarudi tutakapofika Kagera, ingawa kwa sura isiyo na ukatili wa namna ile.

3.0 Chama na jirani

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Jeshi hilo lilikuwa limerithiwa kutoka King's African Rifles pamoja na maofisa wake Waingereza, na lilizimwa kwa msaada wa makomando wa Uingereza tarehe 25 Januari. Serikali ililivunja na kuanza upya. Vijana walioandikishwa katika jeshi jipya, lililozaliwa rasmi tarehe 1 Septemba 1964 kwa jina la Jeshi la Wananchi, walitafutwa kwa sehemu kubwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU. Kadi ya chama, pamoja na neno la kiongozi wa chama wa mahali mtu atokako, ndiyo ikawa dhamana yake.

Katika miaka hiyohiyo TANU ilisambaza mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi. Balozi hakuwa mpekuzi kwa cheo, lakini alikuwa na kitu ambacho masijala haina. Alijua nani alirudi kijijini usiku, nani aligombana na nani juu ya mpaka wa kibanja, nani aliwahi kuchukuliwa na polisi na kwa sababu gani. Kwa Wahaya, uchunguzi wa namna hii haukuwa jambo geni. Kabla ya posa kukubaliwa, wazee huulizia ukoo wa mchumba na mwiko wake, omuziro, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mtu aliyehama kutoka Nshamba au Kamachumu akaja kuishi Kashai alikuwa na watu wa kuulizwa kule alikotoka. Udhaifu wa njia hiyo unajulikana: chuki ya jirani huweza kuvaa nguo ya ushahidi. Nguvu yake haitajwi sana. Jirani hakutegemea kujaza kwa mtu mwenyewe, na kwa hiyo mtu hakupewa nafasi ya kujiponza kwa kalamu yake.

Vita vya 1978 na 1979 vilivuruga utaratibu wowote wa polepole. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia na kukalia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka kuvunjwa, nchi ililazimika kukusanya wapiganaji kwa kasi, wakiwamo makumi ya maelfu ya wanamgambo. Hakuna dola inayoweza kusoma majalada ya watu wengi kiasi hicho katika wiki chache. Wengi wa waliofia vita hivyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na hakuna anayepita kati ya makaburi yale akiuliza nani kati yao aliwahi kuwa na kesi.

Mwaka 1992, pamoja na kurudi kwa vyama vingi, Katiba ilibadilishwa na wanajeshi wakakatazwa kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa haki yao ya kupiga kura ilibaki (ibara ya 147). Kadi iliyokuwa kibali ikawa kizuizi. Mwaka 1996 Idara ya Usalama wa Taifa, iliyokuwa ikifanya kazi bila sheria yake yenyewe, ilipewa sheria. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, inayoadhibu utoaji wa habari za siri, iliendelea kusimama, na mtumishi mpya aliendelea kula kiapo cha kutunza siri. Kilichokosekana sasa ni ile dhamana ya chama, na pengo lake lilijazwa na karatasi: fomu, vyeti, barua za wadhamini, na taarifa binafsi zilizosainiwa na mwenye nazo. Hapo ndipo uaminifu wa mtu kuhusu historia yake ulipoanza kubeba uzito ambao haukuwa nao zamani.

4.0 Asili: kutojua kunapohesabiwa uongo

Mwezi Februari 2001 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilitangaza kwamba watu wanne maarufu hawakuwa raia wa Tanzania. Walikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji aliyewahi kuwa mbunge. Timothy Bandora, balozi wa Tanzania nchini Nigeria. Anatory Amani, mwenyekiti wa CCM Mkoa wa Kagera. Na Maudline Castico, kiongozi wa chama hichohicho Zanzibar. Hoja dhidi yao haikuwa kosa la jinai. Ilihusu asili ya wazazi.

Mjadala wa wakati ule ulijikita kwenye swali kama tangazo lilikuwa la kisiasa, kwa kuwa magazeti ya Ulimwengu yalikuwa makali kwa Serikali. Sina nia ya kuufufua. Kwa mwanahistoria wa upekuzi kuna jambo jingine la kushangaza. Balozi husoma nyaraka za siri za nchi yake kila wiki. Mwenyekiti wa chama tawala wa mkoa wa mpakani hukaa katika vikao ambavyo habari za usalama huzungumzwa. Kama uraia ndio sharti la kwanza kabisa la kuaminiwa, basi ama upekuzi haukuwahi kuuliza swali hilo, ama uliuliza, ukapata jibu, ukaridhika nalo kwa miaka mingi. Katika hali zote mbili ni vigumu kusema kwamba mtu aliyepekuliwa ndiye aliyedanganya. Ulimwengu alipewa uraia baadaye baada ya kuomba, na Amani alikuja kuwa Meya wa Manispaa ya Bukoba.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili hugusa Kagera zaidi, ni lazima kuitazama sheria ya uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 mtu aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kanuni hiyo inaonekana nyepesi hadi unapoipeleka Kyerwa au Ngara. Mpaka uliochorwa na Wazungu ulipita kati ya watu waliooana, waliolisha ng'ombe pamoja na kufuatana kwenye mashamba ya kahawa. Watu wa Rwanda na Burundi waliingia Bukoba kama vibarua wa mibuni enzi za Mwingereza. Wengine walikuja wakikimbia misukosuko ya 1959 na ile iliyofuata. Bibi aliyezaliwa mwaka 1915 hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mjukuu wake anapoulizwa bibi alizaliwa upande upi, jibu la kweli mara nyingi ni kwamba haijulikani. Lakini fomu hudai jina la mahali.

Sheria ya Uraia Na. 6 ya 1995 inatambua udanganyifu na kuficha jambo la msingi kama sababu za kumnyang'anya uraia aliyeupata kwa kuandikishwa. Hiyo ni kanuni ya haki. Tatizo huja pale mchunguzi anaposhindwa kupambanua kati ya aliyejua akaficha na asiyejua akajaza. Mjukuu yule akiandika "Bukoba" kwa kuwa ndivyo alivyosikia nyumbani, na miaka thelathini baadaye akatokea mzee wa kusema bibi alivuka mto akiwa mtoto mgongoni, je, amedanganya?

Mwezi Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete alikuwa Kagera. Aliadhimisha Siku ya Mashujaa huko Kaboya, na katika ziara hiyohiyo, akiwa Biharamulo, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke kwa hiari na waliokuwa na silaha kinyume cha sheria wazisalimishe. Mwezi Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa, na miongoni mwao walikuwamo waliodai kwamba walizaliwa hapa na hawakuwa na kwingine. Muhula wa wiki mbili ulikuwa mlango wa kutokea. Haukuwa mlango wa kujieleza: hakukuwa na dirisha la kumwambia ofisa, "Nilijaza hivi, lakini sina hakika, naomba kumbukumbu yangu irekebishwe."

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iligusa kiini cha suala hili tarehe 22 Machi 2018 katika shauri la mkazi wa Manyara aliyenyang'anywa pasipoti na kufukuzwa nchini. Iliamua kwamba pale ambapo Serikali yenyewe ndiyo iliyotoa hati zinazomtambua mtu kuwa raia, mzigo wa kuthibitisha kinyume ni wa Serikali. Uamuzi huo ulihusu uraia, lakini kwa upekuzi maana yake ni kubwa. Dola iliyopokea jibu la mtu na kulitumia kwa miaka mingi haiwezi baadaye kulitangaza kuwa uongo bila kuonyesha kwamba mhusika alijua ukweli ulio tofauti.

5.0 Vyeti: dirisha la siku kumi na saba

Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa na Waziri Angellah Kairuki taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kughushi. Vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076, yaani kila cheti kimoja watu wawili. Rais aliagiza waondolewe mara moja, na akatoa muhula: atakayekuwa ameondoka mwenyewe ifikapo tarehe 15 Mei hatashtakiwa, atakayebaki atafikishwa mahakamani, ambako kughushi kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka saba.

Kuanzia tangazo hadi mwisho wa muhula ni siku kumi na saba. Ni vyema kulilinganisha dirisha hilo na mfumo wa Marekani, unaosomwa kwa makini hata na Waafrika Mashariki wanaoishi huko, kwa kuwa wanaotafuta ajira jeshini au katika kampuni zenye mikataba ya ulinzi hukutana nao. Mwongozo wake wa sasa ulianza kutumika tarehe 8 Juni 2017, chini ya mwezi mmoja baada ya muhula wa Dodoma kwisha. Ndani yake, kosa la zamani hupimwa kwa ukubwa, umri na mazingira yake. Kuliacha kwa makusudi katika fomu ni sababu inayojitegemea ya kunyimwa kibali, na inaweza kuwa nzito kuliko kosa lenyewe. Lakini mwongozo huohuo unatambua kwamba aliyeficha, akarudi upesi na kwa nia njema kusahihisha kabla hajabanwa kwa ushahidi, amepunguza uzito wa uficho wake. Msingi wake ni wa kiusalama zaidi kuliko wa huruma: mwenye siri anaweza kutishwa na yeyote anayeijua, na siri ikishatajwa kwa mwajiri, tishio hilo hupungua nguvu.

Dirisha la 2017 lilifanana na kanuni hiyo kwa umbo tu. Lilimpa mtu nafasi ya kuchukua hatua kabla ya kushtakiwa, lakini hatua yenyewe ilikuwa kuondoka. Muuguzi wa zahanati ya kijijini aliyetumia cheti cha dada yake, akafanya kazi kwa miaka kumi na minane, hakuulizwa chochote zaidi. Sidai kwamba alistahili kubaki. Mgonjwa ana haki ya kujua anachomwa sindano na nani. Ninachodai ni kwamba mfumo haukuwahi, katika miaka hiyo yote kumi na minane, kumpa siku hata moja ambayo kusema kweli kungempunguzia adhabu. Alipoingia, ukweli ungemnyima kazi. Alipokuwa ndani, ukweli ungemtoa. Siku ya mwisho, ukweli ulimwokoa na jela tu. Hata michango yake mwenyewe ya hifadhi ya jamii ilikaa hadi mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza walioondolewa warudishiwe walichochangia kutoka katika mishahara yao.

Kwa mtazamo huu, agizo la 2018 kuhusu darasa la saba ndilo hatua ya kwanza ya wazi, katika matukio yaliyojadiliwa hapa, ambapo dola ilimlipa mtu kwa sababu alikuwa amesema kweli kuhusu upungufu wake. Dereva aliyeacha nafasi wazi katika fomu alithibitishwa kuwa alifanya vyema, ingawa kwanza alifukuzwa na kukaa nyumbani bila mshahara kabla hajaambiwa hivyo. Malipo hayo ya ukweli yalichelewa na hayakuahidiwa mapema, kwa hiyo hayangeweza kumshawishi mtu yeyote wakati anajaza fomu.

6.0 Kosa dogo na fomu kubwa

Imebaki kuzungumzia kosa la jinai lenyewe, na hapa mfano wa Kagera ni wa kawaida mno hata huonekana haufai tasnifu. Ndizi za mkoa huu hutengenezwa rubisi, na rubisi huchemshwa kuwa gongo. Utengenezaji wa gongo bila leseni umekatazwa kisheria tangu miaka ya 1960, na umesomesha watoto wengi. Tuseme kijana wa miaka kumi na tisa amekamatwa na mtambo wa mama yake, akahukumiwa kifungo cha miezi mitatu. Baada ya miaka mitano anataka kuomba kazi.

Akitaka ubunge, Katiba haimzuii. Ibara ya 67 inamwondoa mtu aliyefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa linalohusika na utovu wa uaminifu, au aliyefungwa kwa kosa la aina hiyo katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Kuchemsha gongo ni kosa, lakini si utovu wa uaminifu. Akichaguliwa anaweza kuteuliwa waziri na kusoma nyaraka za Baraza la Mawaziri. Akitaka kuwa askari wa kawaida, hali ni nyingine. Matangazo ya kuandikisha vijana katika majeshi yetu kwa kawaida hutaka mwombaji awe hajapatikana na hatia ya jinai mahakamani na kufungwa. Hayatofautishi gongo na wizi wa kutumia silaha, wala mwaka jana na ujana.

Watunga Katiba, kwa kuchagua utovu wa uaminifu kama kipimo, walishika jambo ambalo matangazo ya ajira yameliacha: kinachobashiri usaliti wa siri ni tabia ya kudanganya, na si kila kosa hubeba tabia hiyo. Kijana wa gongo anaposoma tangazo, anakuta kwamba kusema kweli kunamfungia mlango kwa hakika, na kunyamaza kunamfungia kwa bahati mbaya tu, ikiwa alama zake za vidole zitaoanishwa. Akinyamaza, anageuka kuwa mtu wa aina ileile ambayo upekuzi ulikusudiwa kumkamata. Hakuwa hivyo alipokuwa akichochea moto chini ya pipa. Na akishaingia kazini, anabeba siri ambayo majirani zake wote wanaijua. Ofisi yake peke yake ndiyo haijui, na hapo ndipo mtu wa kumtisha anapopata mahali pa kushika.

Barua ya utambulisho anayoiomba kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, iwe ni Kashai au Muleba mjini, huthibitisha kwamba anaishi pale na ni mtu wa mwenendo mwema. Mwenyekiti aliyeishi mtaa ule miaka ishirini anakumbuka siku polisi walipokuja. Anaandika "mwenendo mwema" hata hivyo, na kwa maoni yangu mara nyingi yuko sahihi, kwa sababu anapima miaka mitano iliyofuata. Barua haina nafasi ya kueleza hivyo. Zamani balozi wa nyumba kumi angelisema kwa mdomo, na likasikilizwa na mtu mwenye mamlaka ya kulipima.

Utafiti utakaofuata ungefaa kuanzia kwenye rejesta za Mahakama za Mwanzo za Bukoba na Muleba kati ya miaka ya 1970 na 2000, kuhesabu hukumu za gongo, za kuvuka mpaka bila kibali na za ugomvi wa vibanja, na kuzilinganisha na makosa yanayotajwa kama vizuizi katika matangazo ya ajira ya kipindi hicho. Rejesta hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na kwa mkono. Zilizookoka unyevu wa ziwa na tetemeko la Septemba 2016 zinapaswa kusomwa mapema.